Kadi Nne Zilizobadilika Majina

Kilichomwamsha Wytske Terpstra asubuhi ile ni ng'ombe. Hakuwa ng'ombe mmoja anayemlilia ndama wake. Lilikuwa banda zima, sauti juu ya sauti, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Mtu aliyezaliwa Friesland, jimbo la wafugaji kaskazini mwa Uholanzi, hahitaji kufasiriwa kelele ile. Viwele vimejaa, na hakuna anayekamua.

Alivaa buti, akatupia koti begani, akavuka ua kwenye manyunyu. Bandani, roboti ya kukamulia ilikuwa imekunja mkono wake kama mtu aliyesusa, taa nyekundu inawaka. Ng'ombe mmoja alikuwa amenasa ndani yake, hatoki mbele wala nyuma, na nyuma yake wenzake wanasukumana. Hessel, mdogo wake, alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni.

"Imezima saa ngapi?"

"Nimeikuta hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi hivi, dada. Taa nyekundu. Na mimi ndio kwanza nafika."

Wytske hakungoja kusikia zaidi. Akamfungulia ng'ombe aliyenasa kwa mkono, akaelekea kijiofisi cha pembeni mwa banda.

Tangu wazazi wao walipohamia mjini Dokkum, shamba lilikuwa mikononi mwao wawili. Ng'ombe na malisho vilikuwa vya Hessel. Chochote chenye waya kilikuwa cha Wytske. Roboti ile haikuwa na akili yake yenyewe. Ilitegemea kompyuta iiambie ng'ombe gani ameingia, alikamuliwa lini, apewe nafaka kiasi gani. Waliouza roboti walitaka kuwapa na kompyuta yao pia, Wytske akakataa, akaunda ya kwake. Aliipachika kadi nne za mtandao, kila moja na waya wake: moja ya roboti, moja ya tangi la maziwa, moja ya malango ya banda, na moja ya kutokea nje kwenye intaneti. Alizitenganisha hivyo ili moja ikiugua isiziambukize nyingine. Alijivunia kazi ile, na wageni walikuwa hawaondoki bila kuonyeshwa.

Sasa alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na hakuelewa anachokiona. Kadi zote nne zilikuwepo, zote hai, lakini hakuna lililokwenda sawa. Kompyuta ilikuwa inaliuliza tangi habari za ng'ombe. Ilikuwa inayauliza malango maziwa yana baridi kiasi gani. Alichungulia majina ya kadi, ndipo akapigwa na butwaa. Kompyuta huita kila kadi kwa nafasi yake, ikihesabu matundu yenye kadi tangu la mwanzo, kama mtu anayewajua wageni wake kwa viti tu. Ile iliyokuwa ya tatu sasa iliitwa ya nne. Ya nne iliitwa ya tano. Zilikuwa zimesogea zote hatua moja, kama watu kwenye benchi wanaompisha mtu akae.

"Ni hii programu mpya iliyojipakia usiku," alisema kwa hasira. "Wanakaa huko maofisini kwao, wanabadilisha watakavyo, anayeumia ni ng'ombe wangu."

Hessel, mlangoni, alikohoa. "Huenda," alisema.

Akaanza kurekebisha. Kila palipoandikwa tatu aliweka nne, kila palipoandikwa nne aliweka tano, na jina la kadi lilikuwa limetapakaa kila faili, kwa kuwa zamani hakudhani litakuja kubadilika. Alisahihisha huku, pakalalamika kule. Kelele za bandani ziliingia kichwani kama msumari. Katikati ya kazi akatokea Tjibbe, jirani yao, ambaye bado anakamua kwa mashine za kizamani na hachoki kulisema hilo. Alikuwa amekuja na baiskeli, kofia inachuruzika.

"Ng'ombe wenu wanasikika mpaka kanisani," alisema. "Mchungaji atadhani wameokoka."

"Tjibbe, leo sina nafasi ya mzaha."

"Sina mzaha mie. Nauliza tu, hiyo roboti yenu ina likizo ngapi kwa mwaka? Maana mimi mkono wangu haujapata hata moja."

"Mkono wako ungekuwa na maana ungechukua ndoo ukasaidia."

"Ndoo ngapi, bibi? Ng'ombe sitini!" Akacheka, lakini alipoona Wytske hageuki akapanda baiskeli, akaenda zake.

Hatimaye taa ikageuka kijani. Kule bandani mkono wa roboti ulikunjuka, ukatafuta chuchu, ukazipata, na sauti ya maziwa kuvutwa ikaanza. Wytske alivuta pumzi ndefu kwa mara ya kwanza tangu aamke.

"Naenda kuwasukuma walio nyuma," alimwambia Hessel. "Nikirudi nitalifungua hili kabati la kompyuta nilipulizie upepo. Kompyuta imejaa vumbi, najua."

"Kabati? La nini? Si inafanya kazi?"

"Nimesema nitalifungua."

Alikwenda. Ng'ombe wa tatu alikuwa ndio ameingia, na Wytske alikuwa amemwekea bega mwingine mkaidi kwenye mfupa wa nyonga, roboti ilipokufa. Vikombe vilimwachia ng'ombe katikati ya kukamuliwa, vikaanguka, vikaning'inia. Taa nyekundu. Banda likaanza upya.

Wytske alikimbia kwenye samadi bila kujali anakanyaga wapi. Alipofika kijiofisini alimkuta Hessel amepiga magoti, kabati wazi, bisibisi mkononi, anakaza skrubu ya mwisho. Kompyuta ilikuwa inajiwasha. Kwenye mfuko wa ovaroli yake kilichomoza kipande cha kijani chenye meno ya dhahabu.

"Hicho ni nini?"

Hessel alifunika mfuko kwa kiganja, kisha akaona haina maana.

"Kadi ya kamera," alisema. "Ya kuangalia wanaozaa. Nilitaka niwe nawaona nikiwa kitandani, badala ya kutoka kwenye baridi kila mara."

"Uliiweka lini?"

"Leo alfajiri. Kabla hujaamka."

Wytske alikaa chini polepole. Alielewa yote kwa mkupuo mmoja, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Kadi ya Hessel iliingia mbele ya zake, zikasogea, majina yakabadilika. Yeye akahangaika asubuhi nzima kuandika majina mapya. Na sasa Hessel amechomoa kadi yake, zimerudi zilipokuwa, na kila alichoandika kimekuwa uongo.

"Nimekuuliza," alisema, sauti yake imeshuka mpaka ya kutisha. "Nimekuuliza ukiwa umesimama pale. Ukaniambia umeikuta hivi. Nikalaumu programu, ukaniambia huenda. Huenda, Hessel!"

"Nilitaka kuirudisha ilivyokuwa kabla hujaona."

"Nimeshaitengeneza! Ilikuwa inakamua! Umeichomoa ikiwa inakamua!"

"Ningejuaje? Mimi nilidhani ubaya uko kwenye kadi, nikiitoa ubaya unatoka!"

"Kwa nini hukusema tu? Neno moja. 'Dada, nimeweka kadi.' Lingekuchubua ulimi?"

Hessel aliinuka, uso umemwiva. "Nikuambie nini wewe? Juzi nilikuuliza swali dogo la taa ya banda, nikapigwa somo mpaka supu ikapoa. Kila nikigusa kitu, 'acha, utaharibu.' Hili shamba ni langu pia, lakini nikitaka kuchomeka waya lazima nije kwako na kofia mkononi. Basi nikasema leo sitaomba."

Wytske aliinamia kabati lililokuwa wazi. Alijua kuhusu supu. Hilo halikumpunguzia hasira hata chembe; lilimfanya tu asijue pa kuipeleka.

"Chukua tochi," alisema mwisho. "Utanisomea namba."

Hakutaka tena kuzifuata kadi kwenye matundu. Kila kadi huja na namba yake kutoka kiwandani, imebandikwa kwenye kijikaratasi kwa herufi ndogo kama mchwa. Angeiambia kompyuta: mwenye namba hii ni roboti, popote atakapokaa. Mwenye namba hii ni tangi. Alitaka kuzipa majina ya herufi na tarakimu, Hessel akaguna.

"Ziite kazi zake. Roboti, tangi, malango, nje. Hata mimi nitaelewa siku usipokuwepo."

Wytske alitaka kubisha kwa mazoea, kisha akaandika kama alivyoambiwa. Hessel akalala ubavu na tochi mkononi, akamsomea.

Wakaizima, wakaiwasha. Majina yalikuwa yale yale ya zamani, kama vile hakuna aliyeandika chochote. Wytske alipiga meza mpaka kikombe cha kahawa kikaruka. Ilimchukua muda, na matusi ya Kifrisia ambayo mama yao hakuwahi kuyafundisha, kukumbuka kwamba kompyuta ikiamka hutazama kwanza nakala ya mipangilio iliyojifungia siku za nyuma, na nakala hiyo lazima ifungwe upya. Akaifunga upya. Wakazima, wakawasha. Roboti ikaitika jina lake, tangi likaitika, ya nje ikaitika. Malango kimya.

"Nisomee tena ya malango."

"Nilishasoma."

"Isome tena!"

Hessel alichungulia kwa muda mrefu. "Hii nane," alisema taratibu. "Inaweza ikawa B."

Wytske alifumba macho, akahesabu pumzi zake, akabadilisha herufi moja. Safari hii zote nne ziliitika. Ila hakuridhika. Alinyoosha kiganja.

"Lete hiyo kadi yako."

"Ya nini tena?"

"Lete."

Akaipachika mwenyewe pale pale Hessel alipokuwa ameiweka, akawasha. Roboti ilibaki roboti. Malango yalibaki malango. Bandani vikombe vikaanza kuvuta.

"Kwa hiyo kamera inabaki?" Hessel aliuliza.

"Kamera inabaki. Wewe ndiye sijaamua."

Hessel alitaka kucheka, akaona dada yake hacheki, akainama kuokota bisibisi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini foleni ilipopungua. Ndipo walipomwona Klaske, ng'ombe wao mkongwe, amesimama peke yake kwenye majani makavu, mguu mmoja wa nyuma ameutanua. Wytske aligusa kiwele. Upande mmoja ulikuwa mgumu kama mkate wa juzi, na wa moto. Alipokamua kwa vidole, maziwa yalitoka na mabonge.

Daktari wa mifugo alikuja, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Akachoma sindano, akaosha mikono.

"Amekaa na maziwa muda mrefu," alisema. "Na umri nao. Chuchu hii huenda isitoe tena. Mkamueni kwa mkono mara kwa mara mpaka kesho, maziwa myamwage. Maziwa yake yasifike kwenye tangi."

"Ingekuwaje kama angekamuliwa asubuhi kwa wakati wake?" Wytske aliuliza.

Daktari alimtazama yeye, akamtazama Hessel, akafunga begi lake. "Ng'ombe hawajibu maswali ya namna hiyo," alisema. "Na mimi pia."

Gari lake lilipotoka uani, Wytske alibaki ameegemea ubavu wa Klaske. Alikuwa na maneno tele ya kumwambia mdogo wake, na mengine ya kujiambia mwenyewe. Hessel alileta kibao na ndoo, akaketi bila kuagizwa, akaanza kukamua. Mabonge yaligonga chini ya ndoo, moja moja.

"Vidole vikichoka nishtue," Wytske alisema.

"Nitakushtua."

Wakapokezana hivyo mpaka giza lilipoingia.