Kitasa cha Pande Mbili

Fundi vitasa alikuwa mtu wa hasira za karibu, na jua la saa saba lilikuwa limeshamchemsha. Mjane mwenye duka la vitambaa alimwita abadilishe kitasa cha stoo, kilichoanza kukwama.

Alipokichomoa na kukigeuza, alikisogeza kwenye mwanga. Upande wa nje ulikuwa mpya kama umetoka dukani jana. Tundu la ndani ndilo lililolika, limechubuka kwa kufunguliwa kila siku. Akachungulia stoo: hamna dirisha wala mlango mwingine, ni majora ya vitambaa tu.

"Mama, nani anayefungua kutokea ndani?"

"Fundi, kilichokuleta ni kitasa au umbeya?"

Kwa hasira akatoa mkobani kitasa chenye tundu la nje pekee. Mjane akamshika mkono.

"Hicho hapana, baba. Nilipoweka cha namna hiyo, alinigongea wiki nzima."

Fundi akapachika cha pande mbili. Mjane akaufunga mlango, akachukua ufunguo mmoja, akausukuma chini ya mlango, nusu tu.

Nusu iliyobaki ikavutwa ndani, taratibu.