Boila Iliyodanganywa na Dirisha

Henrike alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Miaka nenda miaka rudi anamtunza baba yake, Mzee Ottokar, anamwogesha, anampikia, anasikiliza malalamiko yake. Msimu huu lalamiko lilikuwa moja tu: nyumba ina baridi.

"Baba, boila ya kupasha nyumba joto ni mpya," alimwambia Jumamosi hiyo, akimenya viazi. "Inapima yenyewe baridi ya nje. Nje kukizidi baridi, nayo inazidisha moto."

"Basi haijui kupima."

Mdogo wake, Volkmar, alikuwa ameshatoa hukumu kwa simu. "Dada, mtu anayetetemeka kwenye nyumba yenye boila mpya, akili zimeanza kumruka. Nakuja kesho. Akilalamika tu mbele yangu, tunampeleka nyumba ya wazee. Nawe upumzike, jamani." Henrike hakubisha. Hilo neno kupumzika lilimwingia kama uji kwa mwenye njaa.

Akatoka kumwaga maganda. Nje, macho yake yakaangukia kipima baridi cha boila, kidude cheupe ambacho fundi alikipachika ukutani, juu tu ya dirisha la chumba alimofia mama. Dirisha lilikuwa limeinamishwa, wazi kwa juu. Akainua mkono. Hewa ya vuguvugu ilikuwa ikitoka ndani na kukipuliza kile kidude. Kumbe! Boila ilikuwa ikidanganywa kutwa kwamba nje kuna joto, ikazembea, na mzee wa watu anaganda sebuleni huku akiitwa punguani. Akarudi ndani.

"Baba, nani anafungua dirisha la chumba cha mama?"

"Mimi. Mama yako alikuwa hapati pumzi bila hewa."

"Mama hayupo, Baba."

"Najua hayupo. Mimi si mwehu. Nafungua tu."

Dirisha hilo hatalifunga ng'o, Henrike alimjua. Akashuka chini ilikokuwa boila. Fundi alikuwa amemwonyesha kitufe cha kuzungusha: ukikizungusha kulia, kwa baridi ileile ya nje, boila inachemsha zaidi maji yanayopita kwenye mabomba ya kupasha vyumba joto. Akakishika, asikizungushe. Akiacha mambo yalivyo, kesho baba atalalamika, Volkmar atamchukua, na yeye atalala mpaka jua limtoe kitandani. Nani angejua? Aliutamani huo usingizi, akauona kabisa, na aibu haikumzuia kuutamani. Kisha akakizungusha kulia, akamlaani fundi, akamlaani na Volkmar.

Jumapili Volkmar alimkuta mzee amevua sweta, amekunja mikono ya shati, anakula keki.

"Vipi baridi, Baba?"

"Baridi gani? Kula keki wewe."

Volkmar akacheka kwa nafuu, akanywa kahawa, akavaa koti. "Basi haina haja, dada. Mnaendelea vizuri. Nitapiga simu Pasaka." Henrike akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi ndani.

"Ameondoka?" mzee akauliza.

"Ameondoka."

"Alitaka kunipeleka kule."

"Ndiyo."

"Na wewe je? Ulitaka?"

Henrike akakusanya sahani, akaziweka tena mezani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Nilitaka, Baba," akasema. "Lete mguu, nikuvue viatu."