Mistari Ishirini ya Mdogo Mtu

Saa tatu asubuhi, siku ya saba ya mkutano, watawa mia saba walikuwa wameketi ukumbini na wawili wamesimama: kaka na mdogo wake, wakariri wote wawili. Buddha alikuwa amefariki miaka mia iliyopita, wala hakuna neno lake lililokuwa limeandikwa. Kila hotuba iligawiwa watu wawili: mmoja alifundishwa mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, mwenzake iliyobaki. Hivyo hakuna ambaye angeweza kuichezea peke yake.

Ubishi ulihusu chumvi. Je, mtawa aweke akiba hadi kesho? Wakubwa walikataa. Hotuba ya ndugu hawa ilimruhusu mgonjwa. Isipothibitishwa, kaka na wenzake thelathini na tisa walioifuata wangefukuzwa.

Kaka akatoa mstari wa kwanza. Mdogo wake akatazama vidole vya miguu.

"Pokea," kaka akanong'ona.

"Nipokee nini? Siijui."

"Tumeikariri miaka thelathini, wewe!"

"Kaka, uzee hauna tiba. Labda uliiota."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mtieni chumvi," mmoja akadakia, "kichwa kimeanza kuoza!"

Siku iliyotangulia, wakubwa walikuwa wamemteua mdogo kuwa mkariri mkuu.

Kaka akatoa mistari yake yote ishirini. Baada ya kila mstari alinyamaza kwa muda uleule wa zamu ya mdogo wake, kisha akaendelea. Adhuhuri yeye na wenzake wakafukuzwa.

Waliofukuzwa walivuka mto, wakapanga banda la mfinyanzi na kuanzisha undugu wao wa kitawa. Walihitaji hotuba nzima.

"Jazia mistari ya mdogo wako, mzee," kiongozi wao alisema. "Unajua maana yake."

"Maana naijua. Maneno yenyewe sikukabidhiwa. Sitamtungia Buddha."

Wakatunga wenyewe, yeye akiwa amekaa palepale. Waliposema mtawa yeyote anaruhusiwa, mgonjwa na mzima, aliinuka.

"Sivyo! Mdogo wangu alikuwa akisema mgonjwa tu."

"Mdogo wako yupi? Yule asiyeijua?"

"Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Nani mwingine aliisikia?"

Kaka akatazama ng'ambo ya mto.

"Basi kaa chini, babu. Shahidi mmoja si shahidi."

Siku ya kumi tangu kufukuzwa, wakariri wawili wapya walisimama kati ya vyungu, wakapokezana mistari yote arobaini bila kukwama. Watawa thelathini na tisa waliikubali hotuba; kaka peke yake aliikataa.