Mgandamizo wa Kwanza

Ijumaa ile maabara ilinuka nguruwe na keki kwa pamoja, na Dorthe Krabbe alijua kwamba akivuta pumzi moja zaidi kwa pua atatapika. Pande la nyama ya nguruwe, pamoja na ngozi na mafuta yake, lilikuwa limelazwa badala ya mtu juu ya kipande cha godoro walilolibuni kwa wagonjwa wasioweza kujigeuza, chini ya mashine ya kugandamizia. Pembeni tu hapo, Profesa Viggo Thorup alikuwa akikata brunsviger, ile keki ya sukari inayonata vidoleni, na vidole vyenyewe akivifutia kwenye koti la maabara. Desturi ya pale Odense ni kwamba kazi yako ikipita, unaleta keki. Viggo alishaleta keki, na kazi ilikuwa bado haijapita.

"Njoo ule, Dorthe, kabla mama wa manispaa hajafika."

"Sili."

"Makubwa! Wewe na brunsviger mmegombana lini?"

Walikuwa wamegombana tangu Jumapili.

Jumapili alikwenda kumwona baba yake, mzee Ejnar, kwenye nyumba ya wazee ambako godoro lao lilikuwa likijaribiwa. Dorthe mwenyewe ndiye aliyeomba baba yake apewe, na alilisifu kwelikweli. Alipomgeuza amvalishe shati safi, harufu ikampiga usoni. Juu kidogo ya makalio, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, nyama ilikuwa imeoza. Kidonda kilikuwa cheusi pembeni, chenye usaha katikati, na shuka limegandia humo humo.

"Yesu wangu! Baba, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Si wewe uliyesema ni godoro la wanasayansi?" Mzee akacheka, halafu akakunja uso kwa maumivu. "Hilo dude linakaa bila mtu mchana kutwa, wakinilaza jioni ni meza tupu. Naumia weee, baadaye ndiyo linaanza kulegea kidogo kidogo. Kesho yake wananikalisha kitini, nalo linarudi kuwa meza."

Dorthe alimsafisha baba yake huku machozi yakimtoka, lakini neno meza halikumtoka kichwani. Kesho yake alikwenda kufungua vipimo ambavyo hakuna mtu pale aliyewahi kuvitazama.

Maana pale maabara walikuwa na mazoea, na mazoea hayo aliyakuta, akayashika, akawafundisha wengine. Ukileta mfupa, ukileta sponji, ukileta hata mkate wa wale wenzao wa maabara ya chakula, mashine inaugandamiza mara kadhaa kwanza bila kuhesabu. Kitu lazima kizoee, walisema. Kikishazoea, namba zinakuja safi, zinafuatana vizuri, na kila mtu anafurahi. Ile migandamizo ya mwanzo inatupwa.

Sasa Dorthe akaitazama iliyotupwa. Mgandamizo wa kwanza ulipanda ukauvuka mstari mwekundu, ule ambao juu yake nyama ya mtu huanza kufa. Iliyofuata yote ilikaa chini, mizuri kama watoto wa kanisani. Akaliacha godoro lipumzike mchana kutwa, akaligandamiza tena. Mstari ukavukwa vilevile. Kumbe godoro lilikuwa linasahau kila siku, na kila jioni mzee Ejnar alikuwa akilifundisha upya kwa makalio yake.

Alimpelekea Viggo habari hizo akidhani atashtuka. Thubutu! Viggo alikuwa akila mkate wa samaki, na hakuuweka chini.

"Dorthe, huo ni wa mwanzo. Wa mwanzo siku zote una vurugu zake. Sote tunautupa, wanaopima udongo, wanaopima mifupa, wote."

"Baba yangu analalia huo wa mwanzo kila siku."

"Pole sana kwa mzee, nasema kwa dhati. Lakini mzee mmoja si utafiti." Akalamba kidole. "Usiniharibie Ijumaa yangu."

Kinyaa kilichomshika Dorthe pale hakikuwa cha samaki.

Basi Ijumaa ikafika, na Jytte Hald naye akafika, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni. Yeye ndiye mnunuzi wa manispaa. Akikubali, kabla ya Krismasi kila mzee asiyeweza kujigeuza katika mji mzima atalazwa juu ya godoro lile. Viggo akampa kahawa, akampa keki, akaiwasha mashine. Ikashuka juu ya nyama, nyama ikatoa maji ya rangi ya waridi. Jytte akaziba pua.

"Hapa inajinyoosha tu, usiijali," alisema Viggo, na kioo cha vipimo alikuwa bado hajakiwasha. Alipokiwasha baada ya migandamizo kadhaa, mistari yote ilikuwa chini ya ule mwekundu. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona," alisema Jytte. "Kwa kweli inapendeza."

Dorthe akaizima mashine. Akaikamata ile nyama kwa mikono miwili, ikateleza, akaitupa ndooni ikalia pwaa. Akachukua kipande kingine cha godoro, kilichopumzika, akakiweka mahali pake.

"Profesa, weka kiwiko."

"Nini?"

"Kiwiko chako, hapo. Mfupa na ngozi, kama mgongo wa mzee. Nguvu ni ile ile uliyomwonyesha mama sasa hivi."

Viggo akacheka, akamtazama Jytte, akakunja mkono wa koti na kuweka kiwiko. Alikiweka kwa madaha. Dorthe akabonyeza, kichwa cha mashine kikaanza kushuka taratibu. Kilipougusa mkono tu, Viggo aliuchomoa kwa nguvu hata kikombe cha kahawa kikapinduka.

"Una wazimu wewe? Unataka kuniumiza?"

"Ni mgandamizo wa kwanza tu, Profesa. Huo si tunautupa?"

Viggo alikuwa ameushika mkono wake kifuani, na sukari ya keki ilikuwa imemganda kidevuni. Jytte akashusha kisahani chake mezani, keki ikiwa imeng'atwa nusu.

"Nionyesheni huo mnaoutupa," alisema.

Dorthe akavifungua kwenye kioo vipimo vya ile migandamizo iliyotupwa. Jytte akavaa miwani, akautazama ule mstari uliopanda peke yake juu ya mwekundu, akautazama tena.

"Na kuna mtu analalia kitu hiki sasa hivi?"

"Baba yangu," alisema Dorthe.

Jytte akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akatoa simu. "Niambie jina lake," alisema, "na chumba."