Plasta ya Mguu Usiovunjika

Kidonda changu kilikuwa chini ya unyayo, na wala hakikuuma. Huo ndio ubaya wa sukari: inakuibia mguu, halafu inakuacha uendelee kuutembelea. Mwiba ulinichoma shambani, nikaujua nilipoona damu kwenye kandambili.

Pale hospitali fundi wa plasta anaitwa Geofrey, kijana wa umri wa wajukuu zangu. Akauinua mguu, akautazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Unanishika mguu mbele za watu, mahari utaleta lini?"

Benchi zima likacheka. Geofrey naye akacheka, kisha akanieleza taratibu. Angenifunga plasta ngumu mpaka chini ya goti ili uzito usikae kwenye kidonda, awe anaibadilisha mpaka nyama ijifunge. Baada ya hapo nivae kiatu chenye soli laini, iliyochongwa kwa umbo la mguu wangu.

"Bila hivyo, bibi, kitaingia mpaka kwenye mfupa. Kikifika huko mguu tutaupoteza."

Nikaenda dirisha la bima. Mwanangu Yoramu ni mwalimu kule Kongwa, ameniandikisha kwenye bima yake, kwa hiyo nilijiona mtu. Binti wa dirishani, Asma, akabofya kompyuta.

"Mguu umevunjika, bibi?"

"Haujavunjika, mama."

"Basi plasta haipiti. Humu plasta ni ya mfupa uliovunjika tu."

"Na soli?"

"Soli ni kiatu. Viatu hatulipii."

"Kwa hiyo nikauvunje ndio nirudi?"

"Bibi jamani!" Akacheka, akaita mwingine.

Yeye alidhani natania.

Nikarudi nyumbani Miyuji, nikampigia Yoramu. "Vumilia mama, tukivuna nitailipia mwenyewe." Tuvune nini, na mvua yenyewe ilikuwa bado haijanyesha? Nilivumilia mpaka kidonda kikaanza kunuka. Hapo nikarudi hospitali, nikaingia kwa daktari Denis, ambaye alikuwa hanijui.

"Nimeteleza bombani, mwanangu. Mfupa ukalia kwaa!"

Akanyoosha mkono.

"Mamaa! Nakufa mie!"

"Bibi, sijakugusa bado."

"Nimetangulia tu."

Picha ya mfupa ikapita kwenye bima papo hapo. Nikakaa kwenye benchi najipongeza. Nimesali miaka mingi, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwomba Mungu anipe ufa kwenye mfupa, hata mdogo wa kusingizia.

Denis akarudi ameongozana na Geofrey. Wameinamisha vichwa. Denis akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakuna palipovunjika, bibi. Lakini tazama hapa."

Nikatazama. Mfupa ulikuwa umeliwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi.

"Basi nifungeni hiyo plasta."

"Plasta haisaidii tena," Denis akasema. "Inabidi tukate."

Nikarudi dirishani na karatasi mpya. Asma akabofya.

"Hii inapita, bibi. Kitanda, dawa ya usingizi, kukata. Vyote vinapita."

"Na mguu wa bandia?"

Hakuniangalia.

"Basi, mama. Najua. Hicho nacho ni kiatu."

Asubuhi ya kukatwa, Geofrey alikuja wodini kuniuliza kama ndugu watauchukua mguu wakauzike. Nikamwambia Yoramu ameshachimba kishimo pembeni ya kaburi la baba yake.

"Nilimwahidi marehemu kwamba nitamfuata. Sasa naona naenda kwa mafungu. Usimwonee wivu, mume wangu, wewe utabaki na kipande kikubwa."

Geofrey hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wangu wa pili, ule mzima, kwenye ufa wa kisigino. Akapitisha kidole, kikatoka na damu.

"Bibi, hapa panauma?"

"Wapi?" nikamuuliza.