Ndoo Badala ya Ndoa

Jumapili ya pili baada ya kufungwa kwa mchezo wa jukwaani, Sijaona na Khaled waliondoka mtaa wa Buyenzi kwenda mtaa wa Mutanga Nord kumtazama mgonjwa. Sijaona alikuwa mjane mwenye meza ya vitenge sokoni. Khaled, fundi wa magari na mwenzake wa kutazama mchezo, kwake alibaki kijana, ingawa naye alikwisha kuota mvi. Alifika amebeba ndoo nyeupe ya plastiki.

"Hiyo irudishe kwenye garage," Sijaona alimwambia. "Tunaenda kwa mugonjwa, apana kwa muchezo."

"Mama, ataifurahia."

"Ao atalia. Irudishe."

Khaled akairudisha.

Mgonjwa huyo alikuwa Hyacinthe. Kwa miaka mingi alicheza nafasi ya bwana harusi katika *Mkwe wa Bandarini*, mchezo wa nyimbo na vichekesho ulioonyeshwa kila Jumamosi katika ukumbi mmoja karibu na bandari. Hadithi yake ilikuwa nyepesi: mpakuzi wa meli anampenda binti wa wakala wa forodha, na baba wa binti hataki mkwe anayenuka samaki. Waigizaji walijifunza kwa moyo maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kitabuni, naye Hyacinthe, aliyeshuka mjini kutoka milima ya kusini akiwa mtu mzima, aliyajifunza kwa taabu zaidi kuliko wenzake wote.

Siku ya kwanza alipiga magoti mbele ya Bahizire, aliyecheza nafasi ya baba. Alipaswa kusema, "Baba mzazi, nimekuja kuomba ndoa." Hofu ikamshika ulimi, akasema kwa sauti kuu, "Baba mzazi, nimekuja kuomba ndoo."

Bahizire alikuwa mtu wa Uvira, na ulimi wake haukuwahi kusinzia. Akamjibu papo hapo, kama mwuza dizeli, "Ya maji ao ya mazutu? Mazutu hatuna."

Watu wakashika mbavu, na wengine wakaanguka kutoka kwenye viti. Kesho yake Hugues, mwenye kikundi, akaamuru kosa lile lisiguswe. Tangu hapo watazamaji walikuja na ndoo zao, wakazipiga kama ngoma katika wimbo wa mwisho, na wengi wakalisahau jina la mchezo. Walisema tu, "Jumamosi tunaenda Ndoo."

Mwanzoni mwa masika kiharusi kikamwangusha Hyacinthe. Nafasi yake akapewa Régis, kijana mwenye sura nzuri na sauti safi, naye alilitamka kosa lile bila kosa hata kidogo. Watu wakatabasamu kwa adabu. Ndoo zikapungua ukumbini, na baada ya majuma machache Hugues akatangaza onyesho la mwisho. Siku ya onyesho hilo watu waliimba mpaka sauti zikakauka, kisha wakabaki wameketi, kama wafiwa wasiojua ni nani aanze kuondoka.

Siku chache baadaye Caritas, mke wa Hyacinthe, alikwenda sokoni. Hakugusa kitenge hata kimoja.

"Mama Sijaona, Baba Joëlla hakuli. Iko kitu kimoja anauliza kila siku, na mi siwezi kumujibu, maana mi sikukaa kwenye viti vyenu. Anauliza: wale watu walikuwa wananicheka mi, ao walikuwa wanacheka muchezo? We ulikuwa pale siku ya kwanza. Uje umwambie."

Sijaona aliahidi kwenda, na tangu aahidi hakupata utulivu, kwa kuwa jibu alilijua.

"Jibu si ngumu," Khaled alisema walipokuwa wakipanda kuelekea Mutanga. "Tunamwambia muchezo, tunakunywa chai, tunarudi."

"We hukuwa pale siku ya kwanza."

"Na kama ningekuwa?"

Sijaona aliongeza mwendo.

Walimkuta Hyacinthe ameketi kibarazani, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Caritas aliweka chai na mkate mezani. Khaled, ambaye ukimya ulimtesa kuliko njaa, alianza kuzungumza.

"Muzee, we uko na kesi kule kwetu Buyenzi. Posa zote umeziharibu. Juzi walikuja kumuposa Houda, mutoto wa dada yangu. Wageni wameleta kila kitu, mahari iko sawa, Fatiha tunataka kusoma. Muzee wetu mumoja anainua mukono, anasema, ngojeni kwanza, ndoo iko wapi? Wageni walitoka Rumonge, hawajui kitu. Walifikiri tunawatukana. Ikabidi mutu akimbie dukani."

Caritas alicheka. Hyacinthe aliinua nyusi.

"Walinunua?"

"Walinunua. Ya kijani. Wakaifunga utepe kama bibi harusi. Sasa hakuna posa kwetu bila ndoo. Watoto wetu watafikiri ni desturi ya mababu."

Hyacinthe alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Habari ile ilimgusa, lakini hakuruhusu imtoe katika shabaha yake.

"Khaled," alisema, "mulikuwa munanicheka mi?"

"Apana, muzee. Muchezo. Tangu mwanzo mupaka mwisho, muchezo."

Alilijibu swali upesi mno. Hyacinthe akageuza uso, kidogo kidogo, kumwelekea Sijaona.

"Mama, we ulikaa mbele."

Sijaona aliweka kikombe chini. Khaled alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akauondoa mguu wake.

"Baba Joëlla, mi siwezi kukuambia bongo. Ukweli ni huu: siku ya kwanza tulikucheka we. Tulisema, muangalie mutu wa milimani, anakuja kuomba muke kwa luga yetu, na hata luga yenyewe hana. Mi nilicheka mupaka nikalowesha kitambaa. Kulikuwa na zarau ndani yake. Mungu anajua."

Caritas alitazama sakafu.

"Halafu Jumamosi ya pili ukarudi," Sijaona aliendelea. "Mutu aliyechekwa vile harudi. Mi nisingerudi. Wewe ulipiga magoti palepale, ukasema ileile. Kutoka hapo nilikuwa nakuja kuona kama utarudi tena. Siku gani zarau ilitoka kwenye kicheko, mi sijui. Haikuaga. Lakini ilitoka. Ulipougua, nilikaa mule ndani na Régis anasema, na mi nikatafuta kicheko nikakikosa."

Jicho zima la Hyacinthe lililowa, na lile jingine lilikuwa likitoka machozi tangu awali, kwa ajili ya ugonjwa, hata isingeweza kujulikana kilio kilianzia wapi.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Siku ya kwanza, nilisikia. Nashukuru umesema." Akapumzika. "Ile neno ya kweli, nilikuwa naijua tangu kesho yake. Kila Jumamosi ilikuwa kwenye ulimi, nzuri kabisa. Nilimwambia Hugues, siku muchezo unafungwa, uniache niiseme vizuri. Mara moja tu. Watu wajue naweza. Akakubali."

Siku ile ya mwisho Hyacinthe alikuwa kitandani, na mahali pake palisimama Régis.

"Useme sasa, muzee," Khaled alisema kwa sauti ya chini. "Sisi ni watu wa ukumbi."

Caritas alitaka kumzuia mumewe, akaona uso wake, akaacha. Hyacinthe aliuweka mkono wake mzima gotini, akanyoosha mgongo kadiri alivyoweza.

"Baba mzazi," alisema, "nimekuja kuomba..."

Midomo ilijikusanya, ikajaribu, ikajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa mwanzo wa neno tu. Mwisho wake ulifia katika ule upande wa kinywa usiosikia tena amri, na hakuna aliyeweza kusema kama lilikuwa ndoa au ndoo.

Hakucheka mtu.

Sijaona aliinamisha kichwa. Khaled alitazama chai yake. Hyacinthe aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama alivyozoea kuwatazama watu wa viti vya mbele kabla taa hazijazimwa.

"Sasa munanihurumia," alisema. "Afazali mungecheka."

Khaled alifungua kinywa kujaribu, kwa kuwa alimpenda mzee yule, lakini sauti iliyomtoka haikuwa kicheko, akaikatiza kwa kukohoa. Caritas alisimama, akampangusa mumewe mdomo kwa upindo wa kanga yake, kisha akawauliza wageni kama awaongeze chai. Walikuwa wameshiba chai. Wote wawili wakasogeza vikombe vyao mbele aongeze.