Maji ya Shangazi

Mimi hasira yangu mtaa wetu wote wa Katuba unaijua. Nikikasirika nasema, na nikianza kusema majirani wanazima redio wasikie vizuri. Sijawahi kuionea haya. Kwetu hasira ya shangazi ina hata kazi yake: binti wa kaka yako akishindwa kujifungua, wanakuita, unasema mbele ya watu yote yanayokuuma, kisha unatia maji mdomoni na kuyatema chini. Hapo njia inafunguka.

Basi Jumamosi asubuhi kaka yangu Dédé akanipigia simu kutoka kituo kimoja cha afya huko Kasungami. Binti yake Exaucée alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hashuki, na daktari alikuwa anajitayarisha kumpasua.

"Yaya, kuya," alisema, akiniomba mimi, dada yake mkubwa, nije. "Bantu banasema iko juu ya ile mambo ya ndoa. Kuya useme."

Nilipokata simu, kabla ya hofu, neno moja lilipita moyoni mwangu: Amepata malipo yake. Lilipita likiwa tamu. Nikajifanya sikulisikia, nikatafuta kitambaa cha kichwa, nikapanda pikipiki.

Exaucée nilimlea mimi, tangu mama yake alipofariki. Alipoolewa na Caleb, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, wakwe walileta vitenge, na kile cha shangazi, kinachotangulia vyote, wakampa mke mpya wa Dédé. Wale ni wageni, hawakujua. Lakini Exaucée alijua. Aliona, akanyamaza, akaendelea kucheka na watu. Nikaondoka, na kwake sijakanyaga tena.

Nilipofika walikuwa wameshamwingiza chumba cha kupasuliwa. Uani, Kasoki, mama yake Caleb, alipiga magoti mbele yangu na kikombe cha maji.

"Mama, utusamehe," alisema. "Hatukujua."

Nikasema. Kitenge nilikisema, kicheko nilikisema, na mgongo wangu uliombeba yule mtoto akiwa na malaria, huo pia niliusema. Nikaanza kulia, maana kumbe nilikuwa na hamu naye. Siku zote hizo nilitaka aje mlangoni kwangu nimgombeze hadi nichoke, halafu tule bukari, ugali wetu, pamoja.

Hiyo ndiyo ilikuwa hasira, na yote ilisemeka. Ila lile neno la asubuhi halikutoka. Lenyewe halikutaka Exaucée aje mlangoni. Lilitaka afe. Mungu wangu, mtoto niliyemlisha kwa mkono huu. Hiyo ni chuki, nami nimeifuga ndani ya nyumba nikiiita hasira.

"Yaya, kuko kintu imebakia?" Dédé aliuliza.

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Hakuna," nikasema. Nikatia maji mdomoni, nikayatema.

Haikupita muda muuguzi akatoka. Mtoto wa kike, mama yu hai. Wanawake wakapiga vigelegele, Kasoki akanikumbatia miguu, na Dédé akamwambia kila mtu kwamba dada yake ana moyo mweupe. Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu, nikakosa.

Mchana wakaturuhusu kuingia. Exaucée alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Alinyoosha mkono, akanishika.

"Tantine, banasema ulisema yote. Aksanti. Mutoto tutamuita Marie-Thérèse, jina yako."

"Hapana," nikasema. "Musimupe jina yangu."

Uso wake ukasawijika. Kasoki, aliyekuwa amemshika mtoto, akamtazama Dédé.

"Tantine, ungali na hasira?"

Ningeweza kumwambia lile neno la asubuhi. Nilifungua kinywa kabisa, mimi ambaye sijawahi kukosa maneno.

"Ndiyo," nikasema. "Ningali na hasira."

Machozi yakamtoka. Akavuta mkono wangu hadi kifuani pake, akaniomba msamaha upya, yeye mwenye mshono mbichi tumboni, na mimi nikamsamehe.